Mwenye nishani usidhani kapona

Na Mwandishi Wetu

INGIA katika boma la jamaa za askari huko Kitui au Makueni, na si ajabu utaona ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, picha ya kijana aliyevaa magwanda ya jeshi, nishani zikimeta kifuani. Mgeni huonyeshwa picha hiyo kabla hata chai haijaletwa. "Huyu ndiye shujaa wetu," wazazi husema kwa fahari.

Lakini mwenye picha, akija likizo au baada ya kustaafu, huenda asitake hata kuitazama. Ukimsifu, anainama. Ukimwuliza habari za vita, anakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajanyweshwa maji. Majirani husema ana majivuno. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Ukweli huenda ukawa mwingine kabisa: anawawaza wenzake ambao hawakurudi.

Madaktari wa akili huiita hali hii hatia ya manusura. Ni ile sauti ya ndani imwambiayo mtu, "Kwa nini wao, na si mimi?" William Niederland, daktari aliyewahudumia Wayahudi walionusurika kambi za mauti za Hitler, aliieleza kwa kina katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliitaja miongoni mwa dalili za maradhi yafuatayo mshtuko mkubwa, wakati ambapo taabu za askari waliotoka Vietnam zilikuwa zimewafungua watu macho.

Ukambani, mambo ya jeshi si mageni. Waingereza waliwaita Wakamba kabila la askari, na hadi miaka ya 1950 walikuwa miongoni mwa waliojaa zaidi katika KAR, jeshi ambalo wazee walilijua kwa jina la Keya. Sifa hiyo ilificha jambo moja, kwamba ukame na kodi viliwapeleka vijana wengi jeshini kuliko kiu ya vita. Hata leo, siku ya kuandikisha makurutu, viwanja hujaa vijana wanaotafuta mshahara wa kusomesha ndugu zao.

Je, waliokwenda walikutana na nini? Mfano mmoja watosha. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kati yao walikuwamo karibu 1,000 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mnamo Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda usiofika hata dakika tano. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa walikuwa 214, yaani takriban mmoja kwa kila saba.

Isitoshe, manowari za Uingereza ziliisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya chini ya maji ilhali baadhi ya manusura wangali wakiogelea papo hapo. Hebu fikiri, msomaji, juu ya yule aliyetolewa majini akiwa hai. Hakupona kwa kuwa alikuwa hodari kuliko wenzake. Pengine alikuwa tu amesimama karibu na ngazi. Majina ya askari waliozama yamechorwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Ngong, Nairobi. Aliyepona hana ukuta wa kuandikwa.

Kizazi cha leo kina majeraha yake. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Alfajiri ya Ijumaa, Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya El Adde na kuwaua askari wengi wa Kenya. Ibada ya kumbukumbu ilifanywa Eldoret mwezi huo huo, ikihudhuriwa na marais watatu, lakini serikali haikutangaza idadi ya waliokufa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikavamiwa kambi ya Kulbiyow. Kila kambi iliyovamiwa ina walionusurika, na pia ina wale waliokuwa likizo juma hilo, au waliobadilishana zamu na rafiki. Hawa nao hujiuliza swali lile lile.

Nishani na tarehe yake

Watu wengi hudhani nishani humpa askari faraja. La hasha! Nishani ya ushujaa haitolewi kwa siku njema. Mara nyingi hutolewa kwa ajili ya siku ile ile kikosi kilipovamiwa na marafiki wakafa. Tarehe anayopongezwa kwayo ndiyo tarehe ya msiba wake. Wakuu wake wamehesabu aliowaokoa, naye anahesabu aliowaacha.

Huko Marekani, Audie Murphy alikuwa miongoni mwa askari waliopewa nishani nyingi kupita wote katika Vita Vikuu vya Pili. Agosti 1944, kusini mwa Ufaransa, rafiki yake mpenzi Lattie Tipton aliuawa kando yake baada ya Wajerumani kujifanya wanasalimu amri. Murphy akawashambulia peke yake, na kwa kitendo hicho akatunukiwa nishani. Baadaye akawa nyota wa sinema, lakini kwa miaka mingi alisumbuliwa na jinamizi, akawa analala na bastola chini ya mto. Umaarufu haukumletea usingizi.

Lakini kwa nini mtu ajilaumu kwa jambo ambalo hakulitenda? Mojawapo ya sababu ni kwamba ni vigumu kukubali kuwa risasi haichagui. Ni afadhali kujiambia "ningeamka mapema wangepona" kuliko kukiri kwamba hakukuwa na lolote la kufanya. Hatia huumiza, lakini angalau humpa mtu sababu ya yaliyotokea. Pia ni njia ya kuwa mwaminifu kwa marehemu, maana anaogopa kwamba akianza kucheka atakuwa amewasahau.

Maneno yetu

Hapa ndipo sisi raia tunapokosea, na mara nyingi kwa nia njema. Wa kwanza ni yule wa kusifu tu. Kila akimwona anapiga saluti na kuitisha soda. Askari akitaka kusema kwamba alitetemeka na kulia, atamwambia nani? Wa pili ni wa kudadisi, na watoto huongoza: "Baba, uliua wangapi?" Wa tatu ni wa kuhubiri: "Mshukuru Mungu, sahau yaliyopita." Maneno haya ni matamu kwa asemaye, lakini masikioni mwa manusura yana maana kwamba Mungu aliwakataa wenzake.

Na yupo mama wa marehemu, ambaye swali lake ni zito kuliko yote: "Mlikuwa pamoja, mbona ulimwacha?" Ni mwenye haki ya kuuliza. Hata hivyo, askari wengine humkwepa mama huyo kwa miaka, na kila mmoja hubaki na uchungu wake.

Wazee wa Kikamba hawakumwachia mtu mzigo wa kifo peke yake. Walikuwa na ng'ondu, dawa ya utakaso iliyotumiwa kumwondolea mtu unajisi, hasa ule utokanao na kifo. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliieleza katika kitabu chake cha 1920. Hatusemi kila familia irudie ng'ondu. La muhimu ni kwamba jamaa walikiri waziwazi kuwa mtu huyu amegusana na kifo na anahitaji kurejeshwa. Siku hizi tunamchinjia mbuzi, tunacheza muziki, na asubuhi tunamwomba karo.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, badala ya kuuliza idadi ya maadui, muulize jina la rafiki yake, alitoka wapi, alipenda mzaha gani. Kisha nyamaza usikilize. Akikataa kusema, usimlazimishe. Kaa naye tu. Akiwa tayari, msindikize kwa jamaa ya marehemu, kwani mara nyingi mama yule hatafuti wa kulaumu bali anatafuta aliyemwona mwanawe mara ya mwisho. Tarehe ya msiba ikifika kila mwaka, ikumbukwe nyumbani, hata kwa sala fupi.

Lakini akianza kunywa kupita kiasi, kukosa usingizi usiku baada ya usiku, kugawa vitu vyake, au kusema kwamba heri angekufa, msingoje. Huo ni ugonjwa, wala si laana, na unatibika. Jeshi lina makasisi, maimamu na hospitali yake Nairobi. Ipo pia Mathari, na hospitali kuu ya kaunti inaweza kumwelekeza panapofaa.

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, zimesimama tangu 1928 sanamu za askari na mpagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake yanaahidi kwamba atakayekufa, wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyerudi hai hakuahidiwa neno lolote. Neno hilo limeachiwa sisi tunaoishi naye nyumba moja.