Haki ya Waliotangulia

Katika orodha yangu ya walimu waliookoa sanaa, simwachi Rukmini Devi Arundale wa India (1904–1986). Ngoma ya Bharatanatyam ilibezwa kwa kuwa wachezaji wake walikuwa wanawake wa mahekalu. Yeye, mwanamke wa Kibrahmani, alijifunza kwa mabingwa wa jadi, akaicheza hadharani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra mjini Madras. Lakini Balasaraswati, mzawa wa ukoo wa wanawake hao, alipinga dai kwamba ngoma yao ilihitaji kutakaswa. Namuunga mkono. Ndugu walimu, tunapoingiza ngoma za wazee wetu darasani, tuwataje waliotuachia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.