Je, Wajua? Tathmini ya mtumishi ilikuwa siri

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma Tanzania, awe mwalimu wa Haubi au muuguzi wa Bereko wilayani Kondoa, alipimwa kwa taarifa ya siri? Mkuu wake aliijaza kila mwaka bila kumshirikisha.

Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi, OPRAS. Mtumishi na msimamizi walitakiwa kukaa pamoja mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka na kuyapima kufikia Juni. Hicho ndicho kiini cha usimamizi wa rasilimali watu: mtu ajue atapimwa kwa kipi kabla hajapimwa. Kwa bahati mbaya, sehemu nyingi fomu zilijazwa kwa mkupuo ili tu ziwemo kwenye faili.

Tangu mwaka 2023 OPRAS imeachia nafasi PEPMIS, mfumo wa kielektroniki. Mtumishi huingiza majukumu na utekelezaji wake, msimamizi hupitia na kutoa alama. Taasisi nazo zina mfumo wao, PIPMIS, unaozihusu pia halmashauri mbili za Kondoa, ya Wilaya na ya Mji.

Ni hatua kubwa, lakini alama za mwalimu wa kijijini zisitegemee nguvu ya mtandao. Afisa utumishi anapaswa kuliangalia hilo kwanza, kabla ya kumwandikia mtu barua ya kujieleza.