Jogoo Mzee Achunguzwe Kwanza

Jogoo aliyekuwa mbabe wa uwanja akianza kuchechemea, akajikunyata pembeni na kuwaachia vijana kuwika, nyumba nyingi za Unguja, mjini na shamba, humhukumu upesi: amezeeka. Kinachofuata ni kisu, au huachwa mpaka ajifie. Naamini hukumu hiyo huja mapema mno. Jogoo akitunzwa huweza kuishi miaka 5 hadi 8, wengine zaidi, na uzee humpunguza polepole. Anayeanguka ndani ya siku chache anaumwa. Hata kuwika kwake ni kipimo: mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba alfajiri huanza kuwika jogoo mwenye cheo cha juu, kisha wenzake humfuata kwa daraja zao. Mbabe anayetanguliwa na vijana huenda ameshindwa vita, huenda ana maradhi. Vyovyote vile, ashikwe atazamwe.

Pa kuanzia ni miguuni, maana hapo ardhi ya kisiwa ina mchango wake. Majogoo wengi tunaowaenzi ni kuchi, kuku warefu na wazito ambao uchunguzi wa vinasaba umewaonyesha kuwa na udugu na kuku wa kupiganishwa wa Asia, hasa shamo wa Japani. Mwili ule ukiruka kila siku kutoka ukutani hadi kwenye mawe makali ya maweni, kama ya Makunduchi na Jambiani, wayo huchubuka. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus huingia, wayo huvimba na kupata joto, na katikati hutokea kigaga cheusi. Mshike usiku akiwa ameshatulia, umgeuze mguu chini ya taa, utakiona. Kidonda kichanga huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hufungwa kitambaa safi, na jogoo hulazwa chini penye maranda makavu badala ya kurukia juu. Kilichokwenda ndani ni kazi ya daktari wa mifugo. Magamba ya mguu yakiwa yameinuka na kukauka kama chokaa, huo si uzee bali ni utitiri uliojichimbia chini yake, na mafuta ya nazi yakipakwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa huukosesha hewa.

Kisha papasa kidari. Mfupa wake ukichomoza kama mkuku wa jahazi, jogoo amekonda siku nyingi na manyoya yalikuwa yakimsitiri. Chanzo huweza kuwa minyoo, au chakula chenyewe. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi ya takribani asilimia 3.5 hadi 4, ilhali jogoo anahitaji chini ya asilimia 1. Akilishwa hicho kwa muda mrefu figo zake huumia, asidi ya yuriki hujikusanya mwilini na viungo huvimba. Machicha ya nazi, tunayowamwagia kuku kila tukikuna, hayana tatizo hilo, ila wakati wa masika huota ukungu upesi, na sumu ya ukungu huharibu ini. Yaliyolala yatupwe.

Wapo wasemao kwamba kuku ni kitoweo tu, maumivu yake tunayawazia sisi. Ushahidi unawapinga. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapa kuku wa nyama vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Waliochechemea walikichagua chenye dawa zaidi kuliko wazima, na kadiri walivyolemaa ndivyo walivyokila zaidi. Kiumbe asiyeumia hatafuti nafuu.

Hoja nzito zaidi ni ya kundi: kumweka mgonjwa ni kuwahatarisha wazima. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kumchunguza. Mdondo huweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa, nao hauna tiba. Shingo ikipinda, kinyesi kikawa maji ya kijani na pumzi zikawa nzito, mtenge siku hiyohiyo na umwarifu afisa mifugo. Kinga yake ni nafuu: tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, jogoo mzee akiwamo. Kinachonisikitisha ni mazoea ya kununua dawa ya viuavijasumu kila kuku akizubaa. Haiui kirusi cha mdondo wala haiponyi figo. Inachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa ambazo sisi wenyewe tunazihitaji.

Gharama nazo hutajwa, lakini maji safi, kivuli katika joto la kaskazi na gramu mia na kitu za chakula kwa siku si mzigo wa kumshinda mwenye kuku. Na kisu kina nafasi yake. Jogoo ambaye hawezi tena kufika majini, na ameshatazamwa na mjuzi, kumwacha akigaagaa si huruma; achinjwe upesi, kwa kisu kikali. Aliyekuwa kwenye dawa asiliwe kabla ya kwisha siku zilizoandikwa kwenye chupa. Aliyekufa kwa maradhi yasiyojulikana azikwe kwenye shimo la kina, asitupwe jaani, ambako paka na kunguru watamsambaza mtaa mzima.