Habari Ziwafikie Popote Walipo

Tangazo la msiba lililoingia kwenye simu yangu hivi karibuni lilikuwa na picha ya marehemu, namba ya kutumia rambirambi na ramani ya kufika nyumbani. Chini kabisa likamalizia: habari ziwafikie ndugu wote wa Masasi, Newala na Tunduru, popote pale walipo. Nikajiuliza, grupu lile la WhatsApp ni la watu wanaojuana kwa sura na kwa namba. Habari ilikuwa inamtafuta nani tena?

Msomaji wa umri wangu anaijua sauti hiyo. Ni ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyozaliwa ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 na ambayo leo ni TBC Taifa. Kabla ya redio binafsi kuingia hewani miaka ya 1990, kifo cha Mtwara kilijulikana Mwanza kwa njia hiyo, au kwa simu ya upepo iliyochelewa mazishi.

Aliyeandika tangazo lile ni karani mstaafu wa Tandika, ambaye ukoo umemwachia kazi hiyo tangu enzi za redio. Alichukua kipande cha karatasi akanionyesha walivyokuwa wakiandika. Kwanza anayesikitika kutangaza, kisha marehemu, mahali kifo kilipotokea, na mazishi yatafanyika wapi. Hapo hakuna ufundi, anasema, hata mtoto wa darasa la saba angeandika. Ufundi ulikuwa kwenye majina.

Tangazo lililipiwa, kwa hiyo huwezi kutaja ukoo mzima. Mzee huyu alichagua jina moja kwa kila kijiji, na aghalabu halikuwa la ndugu wa karibu. Tunduru alikuwepo shangazi wa marehemu, lakini redio ya shangazi ilikuwa ya betri, na betri zenyewe zilikuwa za kuanikwa juani ili zisukume taarifa ya habari ya jioni. Mzee akaandika jina la mwenye duka. “Yule redio yake haizimwi. Akisikia ametajwa, anafunga duka anakwenda.” Shemeji mmoja ambaye jina lake liliachwa alinuna miaka, wala hakuwahi kuelezwa sababu.

Mwenye duka hakwenda peke yake. Alipitia kwa jirani wawili watu wazima, wakafika, wakaketi, wakaulizia hali za watoto, ndipo mmoja akatamka. Mzee hasemi kwamba redio ilikuwa na huruma. Anamkumbuka kijana aliyesikia kifo cha baba yake akiwa kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, wakati wazee walikuwa wamepanga aambiwe tu kwamba mgonjwa amezidiwa, aje haraka. Ila anasema redio ilitaja watu, na aliyetajwa alijua kazi ni yake.

Siku hizi habari inafika kabla maiti haijatolewa wodini. Binti mmoja wa ukoo akiwa ndani ya basi la Mbeya alijua kuwa mama yake amefariki, kwa kuona picha ya mama kwenye stetasi ya binamu. Nani wa kumlaumu? Binamu naye alikuwa analia.

Nikamuuliza mzee kwa nini basi bado anaandika “popote walipo”. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini chai inatiwa sukari. “Mwanangu, humo grupuni tuko sisi wenye simu janja. Bibi zako wa Tunduru wamo?” Mstari ule, kwake, ni wa kumwinua msomaji aende akamwambie asiyekuwemo. Lakini watu wanajibu “poleni sana”, wanabandika viganja vilivyokutanishwa, wanaendelea na mengine. Bibi zangu wa Tunduru walipataje habari ya msiba huu? Mzee hajui. Nami nilikuwa mmoja wa walioandika “poleni sana”.

Grupu la ukoo si baya. Michango inakusanywa kwa siku moja, jambo ambalo redio haikuliweza. Lakini kila ukoo uwe na orodha ya wazee wasio na simu janja, na mbele ya kila jina liandikwe jina la atakayekwenda kwao kwa miguu. Iandikwe sasa, kabla ya msiba.