Kula bure na kulipwa tena: Je, kazi ya muteja wa siri inalipa kweli?

Tuseme leo magaribi telefone inalia kwenu, Kolwezi ao Likasi. Ni mudogo wako mwenye kuishi Marekani. Anasema kwa furaha: «Yaya, nimepata kazi ingine! Wananituma kula ku restora, wananirudishia feza ya chakula, na tena wananilipa juu yake.» Kisha anatuma foto: sahani ya nyama, kinywaji chenye barafu, meza yenye kitambaa cheupe.

Nyumba yote inafurahi. Mama anasema: «Mutoto ameanza kupata.» Na mbele ya kulala, kuna mwenye kuanza kuandika liste: minervali ya watoto, mabati ya nyumba, dawa za nkambo.

Ngoja kidogo. Mbele ya kuandika ile liste, keti na sisi tufanye hesabu. Hesabu hii itakusaidia wewe mwenye kubaki huku, na itamusaidia zaidi yule mwenye kutuma foto.

KAZI HII NI NINI?

Katika Marekani, Kanada na Uingereza, mwenye restora nyingi hawezi kukaa katika kila moja. Anataka kujua: Je, wateja wanapokelewa vizuri? Chakula kinakuja kikiwa moto? Choo ni safi? Basi, analipa sosiete moja yenye kutafuta watu wa kwenda kula kama wateja wengine, wasijulikane. Mutu yule anaitwa muteja wa siri. Kazi hii haiko mupya, wala haiko ya uongo: ilikuwako tayari katika miaka ya 1940, zaidi kwa kupeleleza watumishi wenye kuiba feza ya duka.

Watu wetu wengi wako kule leo. Katika mwaka wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea zaidi ya wakimbizi 16,000 wa Kongo. Wengine walipita kambi ya Nyarugusu katika Tanzania, wengine Meheba katika Zambia. Katika muji kama Louisville, jimbo la Kentucky, unaweza kusikia Kiswahili ku soko na ku masomo. Mutu mwenye kufanya kazi ya usiku katika depo kubwa anatafuta kitu cha kuongeza juu ya mushahara. Akisikia «kula bure na kulipwa», namna gani asisimame kusikiliza?

NAMNA INAFANYIKA

Kwanza unajiandikisha ku sosiete. Kujiandikisha ni bure. Shika neno hilo, tutalirudilia. Kisha unaona liste ya kazi, na kila kazi iko na malipo yake na kipimo cha feza ya chakula wanayoweza kukurudishia.

Ukipewa kazi, unasoma kwanza maagizo, na pengine ni kurasa nyingi. Wanakuambia saa ya kuingia, chakula cha kuagiza, mambo ya kuangalia. Ukiwa mezani, unahesabu dakika bila kuonekana: walikusalimu nyuma ya dakika ngapi? Kinywaji kilikuja wakati gani? Mukubwa wa restora alipita kuuliza wateja? Unaingia choo kuona kama kuna sabuni. Unashika jina la mwenye kukutumikia, na unachunga fakture kama vile unachunga kadi ya uchaguzi. Ukiipoteza, hakuna malipo.

Chakula unakilipa wewe kwanza, kwa feza yako. Ukifika nyumbani, unaandika raporo, na mara nyingi inapaswa kufika mbele ya siku kuisha ao kesho yake. Raporo ni ya Kiingereza safi. Mwenye kuzaliwa na Kiingereza ataimaliza upesi. Wewe mwenye kujifunza Kiingereza ukiwa mukubwa utafungua kitabu cha maneno mara kumi. Ikikosa kitu, wanakurudishia utengeneze. Ukichelewa ao ukiagiza chakula kingine, wanaweza kuikataa yote, na chakula umekwisha kula kwa feza yako.

Malipo yenyewe yanakuja nyuma ya mwezi mmoja, pengine miwili.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme mudogo wako yuko Louisville na amepata kazi mbili. Chukua kalamu.

Kazi ya kwanza ni restora kubwa, ile ya kitambaa cheupe. Malipo ni dola 12, na wanarudisha chakula mupaka dola 30. Lakini chakula walichomuagiza, pamoja na kodi na matabishi ya mwenye kutumikia, kinafika dola 37. Basi, dola 7 zinatoka katika mufuko wake. Kati ya dola 12, zinabaki 5.

Restora iko mbali: kwenda na kurudi ni maili 22, karibu kilometa 35. Tuhesabu esansi tu, dola 3. Zinabaki dola 2. (Motokari inakula pia mafuta, mipira na matengenezo. Kwa mwaka wa 2025, biro ya kodi ya Marekani ilihesabu senti 70 kwa kila maili ya kazi. Kwa kipimo kile, safari peke yake ni dola 15 na senti 40, na kazi yote ni hasara.)

Sasa wakati. Kusoma maagizo: dakika 30. Njia: dakika 50. Kukaa mezani: saa 1 na dakika 15. Kuandika raporo: saa 1 na dakika 45. Jumla ni masaa 4 na dakika 20. Kwa dola 2!

Kazi ya pili ni kaduka ka mukate na nyama, katika njia yake ya kurudi kazini. Hakuna kitambaa, hakuna foto ya kutuma nyumbani. Malipo ni dola 9, chakula ni dola 8, na wanarudisha yote 8. Kusoma: dakika 10. Kuingia na kula: dakika 20. Raporo ni ya kuweka alama tu na maneno machache: dakika 30. Njia haiongezi kitu. Jumla ni saa moja, na dola 9 zinabaki.

Umeona? Kazi ile yenye malipo makubwa njo yenye kumuibia wakati. Kazi ndogo inapita mushahara wa chini wa Kentucky, wenye kuwa dola 7.25 kwa saa. Mushahara ule haukupanda tangu mwaka wa 2009.

Lakini hata hizo dola 9 hazibaki zote. Muteja wa siri haiko mutumishi wa sosiete. Anajifanyia kazi mwenyewe. Kule Marekani, mwenye kujifanyia kazi akipata faida ya dola 400 ao zaidi katika mwaka, anapaswa kuitangaza ku biro ya kodi na kulipa karibu 15 kwa 100 kwa ajili ya malipo ya uzee na matunzo ya wazee. Hapo dola 9 zinakuwa karibu dola 7 na senti 70. Ni feza kidogo, lakini ni feza ya kweli.

CHAKULA, UKIHESABU KWA BEI YA CHUNGU CHAKO

Pengine utasema: «Lakini amekula chakula cha dola 37! Ile haiko malipo?»

Ni ulizo zuri, na hapo njo wengi wanajidanganya. Jiulize: kama hakupewa kazi ile, angekula nini magaribi ile? Angekula bukari na sombe nyumbani, pengine dola 4. Basi, kazi imemuponyesha dola 4, hapana 37. Chakula cha kupewa kinakuwa na bei ya kile ungekula bila kupewa. Ongeza zile 4 juu ya dola 2 zilizobaki: zinakuwa 6, kwa masaa 4 na dakika 20. Haifiki hata dola moja na nusu kwa saa.

Tena, sahani haiwezi kutumwa Kolwezi. Haiwezi kulipa nyumba ku mwisho wa mwezi.

Wewe mwenye kuishi karibu na machimbo unaelewa jambo hili kuliko watu wengine. Muchimbaji anabeba mufuko wake mupaka ku depo. Ukiuliza bei, inasikilika kubwa. Lakini negosia anaweka kipande ku mashini ya Metorex, anashusha kipimo. Anaondoa maji, anaondoa uzito. Kisha kuna feza ya piki-piki, na feza ya wale mulioshirikiana nao shimo. Muchimbaji mwenye akili haulizi tu: «Bei ni ngapi?» Anauliza: «Inabaki ngapi ku mukono?» Kazi ya muteja wa siri inaomba ulizo lile lile.

WAKATI GANI INALIPA?

Hatusemi kazi hii ni mbaya. Inaweza kufaa:

1. Kama restora iko katika njia yako, ao kama unaweza kufanya kazi mbili-tatu katika mutaa mumoja siku moja.

2. Kama raporo ni fupi. Uliza jambo hilo mbele ya kukubali, kwa sababu nyuma ni kuchelewa.

3. Kama umengoja. Ku mwisho wa mwezi, kazi ambazo hakuna mutu aliyezichukua, mara nyingi sosiete inaongeza malipo yake. Ile ya dola 12 inaweza kupanda. Mwenye kungoja anapata. Lakini anaweza pia kukosa.

4. Kama ulitaka kula kule hata bila kazi. Bwana na bibi wenye kukumbuka siku ya ndoa yao wangelipa wao wenyewe. Kwao, chakula kile ni zawadi kweli.

Haifai kama ungeacha saa za kazi yenye mushahara. Haifai kama feza unayotanguliza ni ya nyumba ao ya chakula cha watoto, kwa sababu itarudi nyuma ya wiki nyingi. Na mwenye kuwa na viza ya masomo tu, ao mwenye hajapata ruhusa ya kufanya kazi, asiiguse. Hata kazi ndogo kama hii ni kazi mbele ya sheria.

KUNA MUTU MWINGINE MEZANI

Dada mwenye kuleta sahani yako hajui wewe ni nani. Katika Kentucky, sheria inaruhusu mwenye restora amulipe dola 2.13 tu kwa saa, kama matabishi ya wateja yanamufikisha ku mushahara wa chini. Maana yake, matabishi njo mushahara wake.

Basi, kipimo cha dola 30 kikipita, jaribu linakuja: «Nipunguze matabishi, nani ataona?» Usifanye. Kama hesabu haiwezi kuingia bila kumunyima dada yule haki yake, jua kwamba kazi ile haikulipi, na unataka yeye akulipe.

Na raporo yako inaweza kumusimamisha kazi. Kama hukutazama saa, usiandike dakika za kubuni. Kama hukuingia choo, usiseme kilikuwa safi. Andika kile uliona, basi.

ANGALIA WEZI

Kwa sababu kazi hii iko kweli, wezi wanaitumia jina lake. Biro ya Marekani yenye kulinda wateja, inayoitwa FTC, imeonya watu mara nyingi. Alama ni mbili.

Ya kwanza: wanakuomba feza ya kujiandikisha, ya karatasi ao ya mafundisho. Tulisema, kujiandikisha ni bure. Mwenye kuomba feza ili akupe kazi anauza uongo.

Ya pili: wanakutumia sheki kubwa. Wanasema: «Iweke ku banki, shika sehemu yako, ile ingine nunua karata za zawadi ao uitume kwa mutu fulani, kusudi upime kazi ya biro ya kutuma feza.» Banki inakuonyesha feza nyuma ya siku chache, unafikiri sheki ni nzuri. Wiki kadhaa zinapita, banki inatambua sheki ni ya uongo. Feza uliyotuma ilikuwa yako, na deni la banki ni lako.

Hata huku, ujumbe wa namna ile ukiingia katika telefone yako, ukiomba feza kidogo ya kufungua dosie, funga telefone.

KWA WEWE MWENYE KUBAKI NYUMBANI

Sasa turudie ile foto ya sahani. Mudogo wako hakudanganya. Alikula kweli, na alifurahi kukuonyesha. Lakini magaribi ile, pengine alirudi na dola 2, akakaa mupaka usiku kuandika raporo kwa Kiingereza, na asubuhi akaamukia kazi.

Ukimujibu: «Sasa umekuwa tajiri, utume», atasikia haya kusema ukweli. Pengine atachukua deni ili asikuangushe. Mujibu namna ingine: «Ndugu yangu, nafurahi. Inabaki ngapi ku mukono? Unapata kulala?»

Kisha uchukue kalamu, na mufanye hesabu hii pamoja, yeye kule na wewe huku.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Katika kazi ya kila mumoja wetu, ni nini inatoka mbele feza haijafika ku mukono?

2. Je, tunamujua ndugu yetu wa mbali kwa foto zake, ao kwa maulizo tunayomuuliza?

3. Vijana, ni kazi gani munaona malipo yake inasikilika kubwa? Fanyeni hesabu ya masaa yake, mulete mezani.