Mlima ni wetu, tiketi ni ya nani? Mabishano juu ya utalii wa Virunga

Katika vikundi vya vijana hapa Goma kuna mabishano ambayo hayaishi. Yanaanza na jambo dogo, labda picha ya ukingo wa Nyiragongo iliyopigwa miaka ile wageni walipokuwa wanapanda, na baada ya dakika chache watu wamegawanyika. Wengine wanasema utalii wa Virunga ulipangwa vizuri kuliko kazi nyingine yoyote katika jimbo letu. Wengine wanajibu: vizuri kwa nani, na nani alituuliza? Wote wanaipenda Virunga, ndiyo maana wanabishana kwa ukali. Tumeona vema kueleza mambo yalivyo, kwa sababu katika parokia zetu wamo wenye mashamba mpakani mwa hifadhi, na wamo pia wajane wa walinzi wake.

Tuanze na mwenye mali. Hifadhi iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa utawala wa Wabelgiji, ikapewa jina la Mfalme Albert. Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaiongeza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa sheria, hifadhi ni mali ya Serikali ya Kongo chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya kulinda mazingira. Lakini kazi inafanywa kwa ushirikiano na Virunga Foundation, shirika lisilo la faida lililoandikishwa Uingereza, ambalo lilianza kazi hiyo mwaka 2005. Mkurugenzi wa hifadhi tangu mwaka 2008 ni Emmanuel de Merode, Mbelgiji.

Kwa hiyo anayesema "kampuni ya wazungu imechukua mlima" hasemi sawa. Hakuna wenye hisa wanaogawana faida. Hata hivyo, kwa mama anayelima Kibumba tofauti hiyo ni ndogo sana: uamuzi unatoka mbali, na yeye anausikia ukiwa umekwisha kukatwa.

Sasa tuje kwenye ubora wa kazi yenyewe, maana hapa vijana wanaoisifu wana hoja. Mgeni alianza kupanda kutoka Kibati akiwa na walinzi na wapagazi, akatembea saa nne mpaka sita, akalala kileleni kwenye vibanda vidogo, akatazama usiku kucha ziwa la moto likichemka chini yake. Kule kwa sokwe wa milimani alipewa saa moja tu, tena amevaa barakoa, kwa kuwa mafua ya binadamu yanaweza kumwua sokwe. Barakoa hizo zilivaliwa Virunga miaka kabla ya korona. Hakuna sokwe aliyefundishwa kucheza mbele ya wageni, wala hakuna aliyevutwa kwa chakula. Anayeona haya ni madogo akumbuke Julai 2007, sokwe Senkwekwe na wengine wa kundi la Rugendo walipopigwa risasi, katika siku ambazo biashara ya makala ilikuwa imeota mizizi mpaka ndani ya usimamizi wa hifadhi. Kazi nzuri iliyofuata haikuanguka kutoka mbinguni.

Bei ndiyo inayowasha moto. Mgeni alitozwa dola 300 kupanda Nyiragongo na dola 400 kuwaona sokwe. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha kibali cha sokwe mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500, kwa hiyo wageni waliiona Virunga kuwa rahisi. Kwetu sisi, dola 300 ni zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Wengi wetu tuliozaliwa chini ya mlima huu tumeuona mwanga wake mwekundu usiku, tumeikimbia lava yake mwaka 2002 na tena Mei 2021, lakini kinywa chake tumekiona kwenye picha tu.

Mabishano ya namna hii si ya Goma peke yake. Mahali yanaposikika sana ni kwenye bustani za burudani za Marekani, na mojawapo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Aprili 1998 kampuni ya Disney ilifungua huko Florida bustani ya wanyama iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, jina lake Harambe, uliochorwa kwa kutazama majengo ya pwani kama yale ya Lamu. Kuta zilipakwa rangi makusudi zionekane zimezeeka, na maandishi ya Kiswahili yakabandikwa juu yake. Hata sokwe wapo. Wapenzi wa bustani hiyo wanamsifu aliyeongoza usanifu wake, Joe Rohde, kwa uangalifu wake, na baadhi yao walinung'unika sana kampuni ilipoingiza hapo dunia ya filamu ya Avatar mwaka 2017. Wanajua kila ufa wa ukuta, lakini hawana kura: wanaweza kulipa au kubaki nyumbani. Na kampuni hiyohiyo iliandikisha Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, jambo lililoleta malalamiko ya watu zaidi ya laki moja mwishoni mwa 2018.

Mpenzi wa Florida anaweza kubaki nyumbani. Sisi hatuwezi, kwa kuwa nyumba zetu ziko humo. Mipaka ya hifadhi imeleta ugomvi Kibumba na kwingineko. Makala tunayopikia maharage mengi yanatoka kwenye miti yake. Umeme pia: Desemba 2015 kituo cha maji cha Matebe, Rutshuru, kilizinduliwa kikiwa na nguvu ya megawati zaidi ya 13, na kampuni ya Virunga Energies, iliyo chini ya hifadhi, ikaanza kuwasha mitaa ya Goma. Tulifurahi, na haki ilikuwa kufurahi. Lakini tangu hapo mkono mmoja unashika sokwe, volkano, na taa ya chumba cha kujifungulia. Swali la nani anaamua limekuwa zito zaidi ya tiketi.

Tena kuna damu. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya hifadhi. Tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo. De Merode mwenyewe alipigwa risasi Aprili 2014, wakati hifadhi ilipokuwa inapinga mpango wa kampuni ya SOCO ya Uingereza kutafuta mafuta ndani yake. Ubishi wowote unaowasahau watu hawa hatuutaki katika makanisa yetu.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinachanganya maswali mawili. Kwamba kazi ilifanywa vizuri hakujibu swali la nani anaamua. Na kwamba uamuzi ungerudi kwetu hakuhakikishi kwamba kazi ingekuwa nzuri. Mwaka 2007 hifadhi haikukosa Wakongomani katika uongozi wake. Mwanzo sura ya pili inampa mwanadamu jembe na ulinzi kwa pamoja. Hapa kwetu jembe limebaki kwa mama wa Kibumba, ulinzi umekwenda kwa hifadhi, na wawili hao hukutana siku ya ugomvi tu.

Safari za wageni zilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, kisha vita ikazuia zisirudi kama zamani. Siku zitakaporudi, jambo moja linaweza kufanyika bila kungoja sheria mpya. Hifadhi ilitangaza kwamba asilimia 30 ya mapato ya utalii inakwenda kwenye miradi ya wananchi. Hesabu ya fungu hilo isomwe kila mwaka Kibumba, Rugari na Kibati, kwa sauti na kwa Kiswahili, mbele ya machifu, wachungaji na akina mama wa masoko, na wao wapewe nafasi ya kuuliza.