Wanafizikia na Kengele za Uongo

Umurenge (yaani kata) wa Gahanga, wilayani Kicukiro, wengi wanaujua kwa uwanja wake wa kriketi. Hapa nazungumzia SACCO. Rwanda ina mirenge 416, na kila umurenge umeundiwa chama chake cha kuweka na kukopa. Miaka ya karibuni vyama hivyo vimekuwa vikihamishwa kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Akiba ikishaingia mtandaoni, wadukuzi nao hufuata. Wanaofuatilia chembe ndogo kabisa za maada wana la kutufundisha hapa, nalo ni namna ya kutupa data bila kutupa ushahidi.

Katika mtambo mkubwa wa CERN wa kugonganisha chembe, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, makundi ya protoni hukutana mara milioni 40 hivi kwa sekunde. Hakuna ghala la kuhifadhi yote hayo. Chujio la kwanza, la vifaa vya kielektroniki, hubakiza takriban laki moja. La pili, la programu, hubakiza elfu chache tu. Na kabla ya kudai wameona kitu kipya, watafiti hupima kwanza kelele ya kawaida. Chembe ya Higgs ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012, pale uwezekano wa kelele tupu kutoa dalili kama ile uliposhuka hadi karibu moja kwa milioni tatu na nusu.

Wauza programu za ulinzi hawana subira hiyo. Tuseme mtandao wa SACCO hizo unapitisha mawasiliano milioni moja kwa siku, na kumi kati yake ni ya mdukuzi. Programu inayokosea mara moja tu katika mia itapiga kengele 10,000 hivi za uongo, na za kweli hazitazidi kumi. Stefan Axelsson alieleza mtego huu mwaka 1999, lakini “usahihi wa asilimia 99” bado unauzika vizuri. Fundi wa kompyuta aliye peke yake ataizima kabla wiki haijaisha, na sitamlaumu. Dawa ni kuchuja kwa hatua: kwanza ondoa yanayojulikana, kama nakala rudufu za usiku, kisha linganisha yaliyobaki na kawaida ya saa hiyo, kengele ilie pale tu dalili zisizotegemeana zinapokubaliana. Ukaribu huu wa fizikia na ulinzi wa mitandao si mpya. Zeek, programu huria inayoandika nani amewasiliana na nani, lini na kwa data kiasi gani, ilianzishwa na Vern Paxson mwaka 1995 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, iliyojengwa na wanafizikia. Humohumo, mwaka 1986, mwanafalaki Clifford Stoll alifuatilia upungufu wa senti 75 kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta, akamfikia mdukuzi aliyekuwa Ujerumani.

Kuna pingamizi zito: protoni haijui inatazamwa, mwizi anajua. Akishazijua kanuni za chujio, atapita chini yake. Ni kweli, na ndiyo maana wanafizikia huhifadhi pia sampuli ya migongano iliyookotwa kwa bahati nasibu, wapime chujio limepoteza nini. SACCO nazo zihifadhi wasiliano moja katika kila elfu bila kuuliza sababu. Huenda mwizi asikamatwe siku ileile, ila tundu alilopitia litaonekana.

Na nani atafanya kazi hii Gahanga? Hakuna, wala si lazima ifanyikie huko. Vyama 416 vyenye shughuli zinazofanana vikipimwa pamoja, kimoja kinachochangamka saa tisa usiku kitajitokeza chenyewe. Wa kuwauliza hawako mbali: Kigali ina taasisi ya utafiti wa fizikia ya EAIFR, iliyoanzishwa mwaka 2018, na tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni faragha. Hata bila kusoma ujumbe, orodha ya nani aliwasiliana lini inaweza kufichua nani anahangaikia mkopo. Rwanda ina sheria ya data binafsi tangu 2021. Muda wa kutunza kumbukumbu hizo, na watu wanaoruhusiwa kuzifungua, viamuliwe kabla mfumo haujawashwa.